Sabuni ya Nyonyo na Ulimi wa Mayu

Enzi zetu sabuni haikuvaa nguo. Siku hizi imevikwa karatasi la maua, inanukia kuliko bibi harusi, na ukiisahau kwenye beseni asubuhi, jioni huioni. Nyinyi wenzangu mliokulia huku Shinyanga mnajua ninachosema: yetu ilitoka mtini, kwenye mnyonyo ulioota nyuma ya zizi, na ilikuwa nyeusi kama sisi wenyewe. Nasema hivyo mimi niliyeishia darasa la nne, na leo nina kiwanda cha sabuni pale Kambarage na nimewaajiri waliofika kidato cha sita.

Nakumbuka mayu, mama yangu, akikaanga mbegu za nyonyo mpaka zipasuke, akizitwanga, kisha akizichemsha kutwa nzima hadi mafuta yaelee. Makapi tuliyafukia, maana kuku aliyeyadonoa hakuliona jua la pili. Mafuta yalilainisha ngozi ya kulalia, yalinyamazisha mkokoteni, yalipakwa miguu yetu iliyopauka. Na ukivimbiwa na michembe, vile viazi vikavu, ulibanwa pua ukanyweshwa kijiko, kichaka utakitafuta mwenyewe. Kijana wa leo tumbo likinguruma mara mbili anataka lipigwe picha.

Baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Geita, harudi mpaka mvua. Shati langu la shule lilikuwa moja, jeupe, na mwalimu wetu alikagua kola kila Jumatatu. Alishanionya: "Masanja, ukija tena na rangi ya udongo, pitiliza ukachunge ng'ombe, usirudi." Dukani sabuni ilikuwa imeadimika. Basi masomo yangu yote yakaning'inia kwenye chungu cha mayu.

Siri ilikuwa maji ya majivu. Aliyachuja majivu ya mabua ya mtama kwenye chungu chenye vitundu. Maji yakiwa mepesi, mafuta yanabaki mafuta. Yakiwa makali mno, sabuni inakula shati na mwenye shati. Kipimo? Ulimi. Alichovya kidole, akaonja, akatema. "Bado hayajauma." Akaongeza majivu, akaonja tena, machozi yakamlenga. "Haya, sasa yanauma kama jirani yetu." Ndipo akamimina mafuta, akakoroga mpaka yakashikana.

Jumatatu mwalimu akageuza kola yangu, akainusa.

"Nani kakununulia sabuni?"

"Mayu kapika, mwalimu. Kwa mafuta na maji ya majivu."

"Mafuta na maji hayachanganyiki. Nimewafundisha juzi tu!"

"Kwa mayu yanachanganyika, mwalimu."

Nilikula viboko viwili vya ujeuri, lakini darasani nilibaki. Wiki iliyofuata mkewe alifika kwetu na kibakuli: "Mama Masanja, mwalimu anaomba kidogo ile isiyochanganyika." Mayu alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka ile yote alipika, akaonja. Upishi wake mwingine ndio ulikuwa balaa. Mlenda wake chumvi tupu! Nilizoea kumtania mbele ya wadogo zangu: "Mayu, leo umechota ziwa la magadi?" Wao walicheka. Yeye alisogeza kata ya maji karibu yetu, akaendelea kula.

Sasa kitinda mimba wangu kasomea kemia chuo kikuu. Alipoyaona maji ya majivu kiwandani akaniambia, "Mzee, hiyo inaitwa alkali." Nikamwuliza, "Ukiiita, inaitika?" Kipimo chake ni vikaratasi vinavyogeuka rangi. Juzi viliisha. Msomi akakunja mikono, anasubiri vingine kutoka Dar es Salaam, huku pipa zima linapoa! Nikachovya kidole mwenyewe, nikaonja, kama ninavyofanya tangu nianze kazi hii. Sabuni ikashika. Nikamtambia mpaka mchana.

Mchana tukaletewa mchuzi. Nikaomba chumvi. Nikaomba tena. Kijana akachovya tonge kwenye bakuli langu, akalitema.

"Mzee, huu si unachoma kwa chumvi?"

Ulimi wangu haukusikia kitu. Nikawa nautazama ule mchuzi.

Watoto wa siku hizi husomeshwa kwa ada, na bado wanalalamika. Madarasa yangu manne yalilipwa kwa ulimi wa mtu, na mwenye ulimi huo nilimcheka kila jioni.