Siku Niliyofyeka Malazi ya Swala

Nisikilizeni lakini msinicheke sana, maana mke wangu ameshacheka kwa niaba yenu wote, na mpaka leo nikigusa mashine ya kufyekea ananichungulia dirishani kama askari.

Mnakajua kale kashamba ketu ka ekari nne ng'ambo ya mji wa Sterling, huku Marekani, ukishayaacha nyuma yale majengo makubwa ya kompyuta. Tulipokanunua, jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyewinda tangu utotoni, alinifundisha kwamba swala wa huku huwafuati, unawapa sababu ya kukaa: panda kunde katikati, halafu pembeni acha pori lijiotee, miiba, magugu, matawi yaliyoanguka, usiguse kitu. Nikatii miaka mitatu (kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya), swala wakawa wanalala humo kama wapangaji, nami kila wiki narusha picha kwenye grupu la familia.

Basi baba mkwe akaja kututembelea kutoka Singida. Huyu mzee siku ya posa alisema, mimi nimekaa pale pale, kwamba kijana ni mpole ila mikono yake laini. Miaka kumi na nne neno hilo linanikereketa, nikaona sasa ndiyo nafasi yangu: Jumamosi ya msimu wa kuwinda nimpeleke shamba, nipige swala akiona kwa macho yake, na marafiki waje mchana na ugali wao, nyama juu yangu.

Ijumaa nikatangulia peke yangu kuandaa, nikasimama getini nikalitazama lile pori kwa macho ya mkwe, aibu ikanishika (nani kwetu anamkaribisha mkwe kwenye magugu ya kumfika kifuani, si atasema mwanawe kaolewa na mvivu?), nikasema nifyeke kidogo tu hapa mbele, lakini mbele palipopendeza pembeni pakachukiza, nikahamia pembeni, kufika jioni nimemaliza kote na kufagia nimefagia, peupe kama uwanja wa shule, na nilivyo mjinga nikajipongeza.

Jumamosi alfajiri tukaketi kwenye kibanda changu cha mbao, mimi na bunduki, mzee na blanketi. Saa mbili, kimya. Saa nne, kindi mmoja. Saa sita magari yakaanza kuingia, rafiki yangu Njoroge akashuka na sufuria la ugali, akauliza, "Sasa boss, nyama iko wapi?" na kabla sijajibu wakatokea swala saba, taratibu, ng'ambo ya uzio, kwa jirani, ambako sina ruhusa hata ya kurusha jiwe, wakasimama wakitutazama, na watu wangu wote wakatoa simu kuwapiga picha. Jirani naye akaja uzioni, akakitazama kiwanja, akaniambia kwa upole kwamba nimewafyekea chumba cha kulala.

Nikamgeukia mkwe, kichwa nimeinamisha. "Baba, unisamehe. Nilitaka ukute mahali pasafi."

Mzee akakunja blanketi lake. "Pasafi hata Singida papo, Baba Neema. Zile picha zako nilikuwa nawaonyesha wazee wenzangu, nawaambia mkwe wangu anafuga swala bila kamba. Nimepanda ndege mbili kuja kuliona hilo pori."

Angeniita mvivu ningejua pa kujitetea. Sasa nimeapa: siku nyingine nikipata mgeni wa heshima nitaoga, nitavaa shati lililopigwa pasi, na usafi utaishia hapo.