Ukwaju Niliouloweka kwenye Shaba

Kila joto la kaskazi linapopanda hata mtu akachukia nguo mwilini, mwanangu, hunirudia siku moja iliyobaki kidogo tu inifukuzishe katika nyumba ya watu. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nami ni biharusi wa miezi mitatu, nimetolewa Siyu nikaletwa kuolewa Amu mjini, ndiyo Lamu, mtaa wa Mkomani. Nyinyi leo mkiona joto mnafungua friji. Sisi tulikuwa na mtungi, ukwaju, ndimu na subira.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alikuwa Bi Maryamu, mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyetaka jambo lifanywe nusunusu. Binti yake Zena, wifi yangu, alikuwa amejifungua, na siku hiyo ilikuwa arubaini ya mtoto. Wanawake wa mtaa wangekuja alasiri kusoma maulidi. Na katika nyumba ile, kinywaji cha shughuli ya kwanza baada ya harusi kilichanganywa na biharusi mwenyewe, watu waonje mkono wake.

Nami nilijua nilivyokuwa nikisemwa. Niliwahi kumsikia jirani mmoja chini ya dirisha akicheka, "Huyo wa Siyu jembe atalijua, jikoni je?" Basi nikaapa kwamba siku hiyo nitawafumba midomo wote.

Bi Maryamu alikuwa ameniachia mtungi wa udongo, umeoshwa na kufukizwa ubani vizuri. Lakini ulikuwa mweusi, umemeguka mdomo, nikauona utanitia aibu. Nikakumbuka sufuria ya shaba ya nyanya yangu niliyokuja nayo, iliyokaa Siyu miaka mingi ikiwa pambo tu. Nikaisugua kwa mchanga na ndimu, ndani na nje, mpaka ikang'aa nyekundu. Mtu mzima yeyote angeniambia kwamba ule weupe wa ndani niliouhangaikia kuuondoa ulikuwa bati, na kwamba sufuria ya shaba hupelekwa kwa fundi ikatiwa bati upya kabla ya kutiwa kitu kikali. Lakini sikumwuliza mtu. Ningeuliza, si wangejua sijui?

Asubuhi nikaloweka ukwaju humo, kwa maji matamu yaliyoletwa na punda kutoka Shela. Nikauvuruga kwa mkono, nikauchuja, nikatia sukari, iliki, chumvi kidogo na matone ya marashi ya waridi, nikauacha humohumo. Baada ya adhuhuri Zena akapita, mtoto begani, anahema kwa joto, akaniomba. Nikamjazia kikombe. Alikinywa chote, akakunja uso, akasema una ukali asioujua lakini unapoza. Mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ninasifiwa.

Wageni hawajafika, Bi Maryamu akaja kuonja. Aliugusisha ulimini tu, akatema. Akaiinamisha sufuria, akachungulia ndani, nami nikachungulia naye. Pale maji yalipokuwa yamefikia palikuwa na mstari wa kijani.

"Ndoo hapa karibu, mwanangu," akaniambia polepole. "Shaba hii haina bati, na ukwaju umeila. Ni sumu. Mai haya ya ukwaju yamefika kinywani mwa mtu?"

Nilimfikiria Zena na mtoto anayenyonya. Nikafikiria pia sanduku langu likiteremshwa gatini kurudishwa Siyu, na yule jirani anavyocheka. Zena hakuwa amelalamika kuumwa bado.

"Hapana, Mama," nikasema.

Wacha nikwambie wazi, nilidanganya, tena nikimtazama usoni. Bi Maryamu akaniamini. Akaimwaga sufuria yote msalani, akatuma madafu yaletwe haraka, wala hakunigombeza. Huko chini wageni wa kwanza walikuwa wameanza kupiga hodi.

Nikapita kwenye chumba cha ndani kuchukua vikombe. Zena alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja tumboni, kwa mkono wa pili anamvuta mtoto amnyonyeshe. Nilimchukua mtoto kifuani pake bila kumweleza neno, nikakimbia naye mpaka kwa Bi Maryamu.

"Mama, Zena amekunywa. Kikombe kizima. Nimekudanganya."

Alinipita akaingia chumbani, na hapohapo nikamsikia Zena akitapika. Alitapika na kutapika tena, mama yake akimshika kichwa na kumpa maziwa kidogokidogo. Wageni walipouliza, Bi Maryamu aliwajibu kutoka mlangoni, "Tumbo limemshika. Someni nyinyi, msimgoje." Wakanywa madafu yao, wakasoma maulidi mpaka mwisho, nami nimekaa kwenye kona na mtoto, nalia ndani ya leso. Karibu na magharibi Zena akaomba uji, nikamshukuru Mungu kuliko nilivyowahi kumshukuru.

Nilikwisha kufunga nguo zangu Bi Maryamu alipokuja kuniona.

"Wenda wapi?"

"Siyu, Mama. Kabla hujanifukuza."

Akaketi kando yangu. "Mambo ya shaba hukufunzwa, hayo nimekusamehe. Uongo uliujua, na huo umeniuma, sitakuficha. Lakini uliufuta mwenyewe, ukanionyesha mwanangu alipo. Fungua nguo zako."

Ijumaa iliyofuata wanawake walewale walikuja kumjulia hali Zena. Bi Maryamu akaniita mbele yao, akaniamuru nichanganye ukwaju kwenye mtungi, wao wakiangalia. Kwa haraka yangu nikamwaga chini nusu ya sukari. Nilipojaza kikombe cha kwanza sikujua nimpe nani, nikasimama nacho tu. Zena ndiye aliyenyoosha mkono. Alikunywa mpaka chini, akafuta midomo, akanirudishia kikombe. "Nitilie tena, wifi," akasema.

Bi Maryamu na Zena wote wameshatangulia mbele ya haki, na mpaka leo kila nikiomba dua ninaanza na majina yao. Sikuwalipa wema ule. Sijui hata ungelipwa kwa kitu gani.

Basi, mwanangu, ukiingia nyumba ngeni au kazi ngeni, uliza, hata wakikucheka. Kicheko kile hakiumizi tumbo la mtu. Na woga ukikusukuma useme uongo, nawe utasukumwa siku moja, usingoje kesho kuufuta. Ufute saa hiyohiyo, hata sauti ikikutetemeka. Na ukiwa wewe ndiye uliyekosewa, mfikirie yule aliyeshika kikombe hajui ampe nani, umnyooshee mkono.

Mungu akulinde na makosa makubwa. Na ukikosea, akujaalie watu watakaokunywa tena kutoka mkononi mwako. Amin.