Mkono Uliorudia Mshono

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na alichokishona kimefika kwenye sayari nyingine. Kazini wanamwita Kidole, maana haamini mshono mpaka kidole chake kiupitie. Wapo wanaosema nimetunga. Sikusoma sana, lakini mimi si mwongo.

Kiwanda chao hushona miavuli ya kushushia vyombo vya anga. Chombo kikiwa njiani, Injinia wao alikuja kwangu kumjulia hali Kidole aliyekuwa amenitembelea, nami nikamtaka anieleze vizuri. Kule hewa ni nyepesi mno, alisema. Chombo kinaingia kwa kasi kuliko risasi, ngao yake inawaka moto, na mwavuli unafunguka kikiwa bado kinakimbia. Hewa ile haitoshi kukisimamisha, kwa hiyo karibu na ardhi roketi ndogo ndizo humalizia kazi. Kitu kimoja kikikosea, vyote vimekwisha.

"Na dereva?" niliuliza.

"Hakuna dereva, mama. Kinajishusha chenyewe."

"Basi mmemwachia kipofu avuke barabara."

Injinia alicheka. Kidole hakucheka.

Sisi washonaji tuna mazoea. Ukifika mwisho wa mshono unarudi nyuma kidogo, unashona juu ya uzi uleule, usije ukafumuka. Kwenye gauni ni jambo jema. Kwenye mwavuli ule ni balaa. Kitambaa chake ni chepesi kama ganda la kitunguu, na matundu ya sindano yakirundikana mahali pamoja, hapo ndipo kinapochanikia. Walikatazwa tangu mwanzo. Lakini mwavuli wa majaribio ulipasuka mbele ya macho yao, hofu ikamwingia Kidole, na alipokuwa akishona ule wa kweli mkono ukarudi wenyewe. Mahali pamoja tu. Alipokumbuka, mwavuli ulikuwa umeshakunjwa na kushindiliwa kwa mashine, mgumu kama gogo.

Alimwambia Injinia palepale. Injinia akaketi kwenye ngazi za karakana, kichwa mikononi.

"Nishone mwingine?"

"Hakuna muda, mama. Dunia na sayari ile zikishaachana ni kusubiri miaka. Uende hivyohivyo."

Ukaenda. Safari nzima mdogo wangu alikonda. Alikuja kwangu akakaa anapapasa pindo la kitambaa cha meza.

"Kunywa chai, inapoa."

"Dada, ukichanika, watu wamemalizia ujana wao kwenye chombo kile."

Nikamwondolea lile pindo mikononi, nikamwekea kikombe.

Siku ya kutua alinikokota hadi kiwandani. Watu wamejaa ukumbini, hakuna anayekohoa. Injinia akaninong'oneza kwamba habari za kule huchelewa njiani: tukisikia kinaanza kushuka, ujue kimeshatua au kimeshavunjika. Kumbe tulikuwa tunaombea jambo lililokwisha!

Sauti ikasema, "Mwavuli umefunguka." Watu wakapiga makofi. Kidole akanibana mkono.

"Nyamaza, dada."

"Sijasema kitu!"

"Unapumua."

Kisha kimya, kirefu, kibaya. Nilimtazama Injinia nikaona midomo yake imekuwa myeupe. Halafu sauti ikarudi: "Kimegusa ardhi. Ni kizima."

Walirukaruka kama watoto. Kidole alibaki kitini, anataka kuona mwavuli.

Picha zilikuja baadaye, zimepigwa na kamera iliyotazama juu wakati wa kushuka. Mwavuli unafunguka, mzuri kweli, halafu mahali pamoja mchaniko unaanza, unapanda, unapanda, unagonga utepe mnene ulioshonwa kuuimarisha mwavuli na kusimama hapo.

"Ni pale," Kidole alisema.

"Lakini kimetua, mama!"

"Kimetua kwa bahati."

Sasa wanataka mwavuli mwingine, wa chombo kizito zaidi. Kidole aliomba kuacha kazi, Injinia akambembeleza. Mwisho Kidole akasema, "Nitashona, ila dada yangu akae hapa na rula. Mkono ukirudi, aupige. Amenipiga tangu utotoni, ameshazoea."

Leo asubuhi ameanza. Alipofika mwisho wa mshono wa kwanza mkono ukasita, kisha nikauona unarudi. Niliupiga kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Akakata uzi bila kunitazama.

"Mshono mwingine," akasema.

Kitambaa kilikuwa kimejaa meza nzima na kumwagika hadi sakafuni, na karibu chote kilikuwa bado hakijashonwa.