Ubao wa Masinde na Firigisi ya Mzee Andati

Kwanza mjue kwamba mimi sipendi mtu anayefikiri kwa sauti. Kichwa ni chungu, na chungu kina kifuniko chake. Lakini Mungu naye ana mzaha wake. Akaniletea Masinde, kinyozi, akafungua kibanda chake ukuta kwa ukuta na hoteli yangu pale Shirere, na chini ya baraza akaegemeza ubao mweusi wa shule uliovunjika mguu.

Nilidhani ataandika bei ya kunyoa. Wapi! Kila asubuhi, kabla hajagusa mkasi, alifuta ya jana kwa mkono wa shati, akaandika ya leo. Na ya leo ilikuwa chochote kilichompita kichwani. Redio imesema nini na yeye anaonaje. Sinema gani ameiona kwa Kibiwott, yule polisi mstaafu aliyekuwa akionyesha video kwenye ghala la mahindi, na kwa nini haikumridhisha.

"Nimetazama mtu akipiga risasi tangu mwanzo wa sinema mpaka mwisho. Hakuna mahali aliposimama kununua nyingine. Anazitoa wapi?"

"Adui akishamfunga shujaa kamba, kwa nini anaanza kumsimulia mipango yake yote? Si ampige tu aende nyumbani?"

"Redio inasema mwaka elfu mbili ukiingia, kompyuta zote zitachanganyikiwa. Mimi kompyuta sijaigusa, lakini naihurumia."

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, na kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya mwisho wa dunia. Siku nyingine alikuwa karibu zaidi na nyumbani, kwenye lile jiwe letu kubwa linalotiririsha maji kama machozi: "Jiwe la Ilesi linalia mchana na usiku. Tumelipiga picha sana. Kuna aliyeliuliza shida yake?" Na chini ya kila swali, bila kukosa, aliandika: Nauliza tu.

Nisiseme uongo, ubao ule uliniuzia chai. Wanafunzi waliopanga vyumba hapa kwetu, makarani wanaokwenda ofisini, akina mama wa sokoni, wote walisimama, wakasoma, wakabishana, na mabishano hukausha koo. Lakini pia ulinikera. Siku moja nikamuuliza, "Masinde, wewe unaandikanga haya yote kwa nani?"

"Kwa yeyote, Mama Kageha."

"Na huyo yeyote akikujibu?"

"Hajibu. Anacheka, anaenda zake."

Alisema hivyo huku ameridhika kabisa, mkasi hewani, na mteja wake nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Wazo likimjia, kichwa cha mtu kiliweza kungoja. Lakini alikuwa mtu mwema, mrefu, mwembamba, asiye na maneno makali kwa mtu. Ndiyo maana Zipporah, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, alimpenda.

Mambo yao yalikuwa yamefika pazuri. Mzee Isaiah, babake Zipporah, kule Khayega, alikuwa ameshataja Jumamosi ya kupokea wageni ili mazungumzo ya ng'ombe wa mahari yaanze. Kwetu mwanamume hajipeleki kwa wakwe peke yake kama mwuza mitumba. Baba yake hutangulia, yeye hufuata nyuma na mdomo wake ameufunga. Babake Masinde alikuwa Mzee Andati wa Mayoni, mkulima wa miwa, mtu wa maneno machache. Masinde akaenda nyumbani Jumapili kupanga safari, akakaa kutwa, akapikiwa kuku. Jumatatu akarudi na furaha yake, akachukua chaki.

"Mama yangu anafuga kuku. Anamkimbiza, anamnyonyoa, anampika. Halafu firigisi inakwenda kwa baba, na mama hajawahi kuijua ladha yake. Kwa nini? Nauliza tu."

Uuwi! Nilipoisoma nilishika kiuno.

Kwetu firigisi, sisi tunaiita imondo, haichezewi. Ni ya mwenye nyumba. Huwekwa juu ya nyama nyingine, ikimtazama, ili aione kabla hajanawa. Mke aliyeipoteza kwenye sufuria amewahi kurudishwa kwao akaeleze vizuri ilikwenda wapi. Asubuhi ile wanaume walisimama mbele ya ubao wakikunja nyuso. Wanawake walisoma kimya, wakaenda mbele kidogo, ndipo nikasikia vicheko.

"Masinde, futa hiyo," nikamwambia.

"Hakuna uongo hapo, Mama Kageha."

"Ndiyo maana nakwambia ufute!"

Hakufuta. Na Shikanga, dereva wa lori la miwa, alikuwa amekaa kwangu akila chapati, akasoma neno baada ya neno. Shikanga hajawahi kubeba mzigo bila kuuongeza. Alipofika Mayoni, habari zilikuwa kwamba kijana wa Andati ameandika barabarani, mji mzima unasoma, kuwa babake humnyima mamake chakula. Jibu lilirudi na Shikanga huyo huyo. Alisimama mlangoni kwa kinyozi, kofia mkononi, hata yeye ana haya.

"Mzee amesema hivi: kama ubao wako una mdomo, basi uende Khayega ukakuposee."

Masinde aliketi kwenye kiti cha wateja. Siku ile hakunyoa mtu tena. Akaenda Mayoni kuomba radhi, na Mzee Andati, alipomwona anaingia shambani, akahamia mstari mwingine wa miwa. Masinde akamwendea babake mdogo amsaidie kuongoza safari, naye akasema hawezi kumruka kaka yake akiwa hai. Hapo mlango ukawa umefungwa. Jumamosi ikipita bila wageni kufika, Mzee Isaiah angesema binti yake amedharauliwa, na kwao hakuna anayetaja siku mara ya pili.

Zipporah alivuka barabara na futi yake ya kupimia shingoni, macho mekundu. "Masinde, niambie leo. Mimi nitaolewa na chaki?"

 Jibu nilikuwa nalo mimi, na nilimpa Masinde lote. Nikamwambia mchuma janga hula na wa kwao, na kwamba huyu msichana hakuonja hiyo firigisi wala hakuiandika, mbona yeye ndiye anayelia? Nilikuwa na hasira kweli. Binti ya watu alikuwa ameshajishonea gauni.

"Basi angalau futa," nikamwambia.

"Nikifuta sasa, nitakuwa nimekubali kwamba nilimtukana baba. Sikumtukana." Na lile swali likabaki palepale chini ya baraza, mvua haifiki, yeye hafuti wala haandiki lingine. Watu wakapita wakiuliza redio imesema nini leo. Akawa anatikisa kichwa tu.

Jumamosi ikafika. Zipporah alikuwa kwao Khayega, akiwapikia wageni asiojua kama watakuja. Masinde alikaa kwenye benchi langu tangu asubuhi, amevaa koti, viatu vinang'aa, uso kama wa mtu aliye hospitalini. Mimi nilichinja jogoo. Msiniulize kwa nini. Nilisema, wakija watakuwa na njaa, na wasipokuja tutamla tukiwa na majonzi.

Wakaja. Mzee Andati mbele na fimbo yake, kaka yake nyuma, na nyuma kabisa Mama Naliaka, mamake Masinde, mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cheupe kichwani, kikapu mkononi. Masinde aliruka akasimama. Mzee hakumsalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ubao, akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaanza kusoma kwa kidole, kwa sauti, jinsi wazee wanavyosoma Biblia kanisani. Alipofika "Nauliza tu" alirudia.

"Ni haya tu?"

"Ni hayo tu, baba."

"Shikanga aliniambia kuna mengine."

"Hakuna mengine, baba. Naapa."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaitazama, akaifuta tena. "Mama yako alikataa kulala mpaka nikubali kuja kujisomea," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Mwenye hoteli, tumetoka mbali. Kuna chakula?"

Sasa hapo ndipo mimi nilijuta kuchinja. Niko jikoni, sahani mkononi, firigisi inanitazama. Nikiiweka mbele ya mzee, atasema namkejeli. Nisipoiweka, nimemvunjia heshima mchana kweupe, na safari imekufa. Nikasema, liwe liwalo, mila ni mila. Nikaiweka juu, nikaielekeza kwake, nikatua sahani, nikajibanza mlangoni kana kwamba ni mimi ninayeoa.

Mzee Andati alinawa. Akaombea chakula, maombi marefu. Akaichukua ile firigisi kwa vidole, akaishika hewani kidogo, akanyoosha mkono akaiweka kwenye sahani ya mkewe.

"Onja."

Mama Naliaka alimtazama kana kwamba ameambiwa apande mti. "Mbele za watu?"

"Onja, mama Masinde. Swali limeulizwa."

Akauma upande mmoja, kidogo. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Sote tulikuwa tukitazama taya la mwanamke mmoja.  Hatimaye akameza, akaitazama iliyobaki.

"Ni hii tu?"

"Ndiyo hiyo," akasema mzee.

"Ni ngumu!"

"Ni ngumu sana. Mimi imenisumbua meno tangu nikuoe. Sijawahi kuipenda."

"Ala! Na mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Unaniletea juu ya sahani, unapiga magoti, watoto wanatazama. Baba yangu aliila, nami nikaila. Na wewe hukuniuliza."

Jamani, tulicheka. Kaka yake mzee alipaliwa na ugali, mimi nikakaa chini palepale mlangoni. Mama Naliaka alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Miaka yote ile, mmoja akiitamani na mwingine akiitafuna kwa taabu, katika nyumba moja! Masinde ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, ameponyoka, uso wake umerudi. Akapiga meza.

"Mnaona? Mnaona sasa? Swali lilikuwa zuri!"

Mama Naliaka akaacha kucheka. Akafunga kitambaa chake taratibu.

"Na wewe," akamwambia. "Jumapili ile ulikaa na mimi jikoni mpaka jioni. Nilinyonyoa kuku mbele yako. Hukuniuliza kitu. Ukaja huku ukauliza barabara."

"Mama, mimi nilikuwa..."

"Mimi si sinema, Masinde."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali, kijana angepata pa kujitetea. Akatazama sahani yake. Mzee Andati ndiye aliyesimama kwanza, akachukua fimbo. "Twendeni. Wakwe hawangojeshwi."

Wakaondoka, mzee mbele, Masinde nyuma na mdomo wake ameufunga, kama inavyotakiwa. Mama Naliaka akabaki nami, maana mama wa kijana hafuati safari hiyo. Alinisaidia kuosha vyombo ingawa nilimkataza.

Jua lilipokuwa linashuka, wakarudi. Nilijua kabla hawajasema, kwa jinsi mzee alivyokuwa akitembea. Mzee Isaiah amewapokea, amelalamika kidogo kwamba wamechelewa, ameridhika, na Zipporah amewapa chai kwa mikono yake mwenyewe. Nikapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Wazee wakaingia ndani kuendelea na habari.

Masinde hakuingia nao. Alichukua kitambaa, akakilowesha kwenye ndoo yangu, akaufuta ubao wote, pembe kwa pembe, mpaka ukabaki mweusi. Nikadhani ataandika habari za Khayega. Chaki akaiacha palepale. Akaja akaketi kwenye benchi karibu na mamake, mgongo wameupa ubao, nami nikiwa karibu nasugua sufuria.

"Mama," akasema, "katika kuku, wewe unapenda wapi?"

Mama Naliaka alifungua mdomo haraka, kama mtu aliye na jibu tayari. Halikutoka. Akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Hakuna siku nimechagua. Ngoja kwanza nifikirie."

Masinde akangoja.