Gharama ya Kuujua Ubovu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa beseni la mafuta ya taa na lundo la nati, nikaambiwa nizioshe. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Ada haikuwa tatizo. Treni ilikuwa inapita karibu na shule yetu, na mimi nilitaka kujua kinachoisukuma. Stesheni ya Tabora hawakunichukua. Gereji iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilinichukua.

Mwenye gereji tulimwita Fundi Mkuu. Alikuwa mtu wa mjini, mtoto wa fundi bati, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Gari likiletwa hakufungua kitu kwanza. Aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, mpini wake akauweka sikioni, akasikiliza. Chuma kinabeba sauti. Ukizoea, unasikia ni silinda ipi inagonga. Mara nyingi alishaujua ubovu kabla mteja hajamaliza kuueleza. Hata hivyo alilegeza vitu viwili vitatu visivyo na shida, akavikaza tena, akajipaka grisi hadi viwikoni.

Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Mteja halipii sikio," alisema. "Analipia mikono michafu. Kuangalia ni bure, mwanangu, na wewe hutaibadilisha hiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya gereji zote nilizozijua. Kuambiwa gari linaumwa nini hakukuwa na bei. Malipo yalianza spana inapogusa nati. Ilinichukua muda mrefu kuona matokeo yake. Fundi asiyekuta kitu cha kubadilisha anarudi nyumbani mikono mitupu, kwa hiyo atakikuta.

Sikuwa mtu wa kukaa mahali. Nilipoona nimeshafungua kila aina ya injini iliyoingia pale, niliaga nikapanda lori kwenda Igunga. Huko nilifanya kazi chini ya Msimamizi wa Magari wa mfanyabiashara mmoja wa pamba na mpunga. Malori yalikuwa ya tajiri mwenyewe, na sisi tulilipwa mshahara, gari lipone lisipone. Msimamizi alikuwa mkali kama pilipili.

"Usiniletee kipuri," alikuwa akituambia. "Niletee sababu."

Kwake nilijifunza kusoma moshi. Mweusi: dizeli inazidi, tazama nozeli. Wa bluu: oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto: maji yanaingia mahali pasipo pake. Sikuwahi kuona malori yakibadilishwa vipuri vichache kama yale, na yalikuwa yanatembea. Ningebaki pale kama nisingesikia habari za matrekta ya mashamba ya tumbaku kule Sikonge. Nikaenda kuyaona. Nilikaa misimu kadhaa, nikachoka, na siku hiyo hiyo mtu akaniambia kwamba Tabora imefika kompyuta ya kupimia magari.

Mwenye kompyuta alipenda kuitwa Mkurugenzi. Alikuwa mdogo kwangu, mwerevu, na alinipokea vizuri. Kifaa chenyewe kilikuwa kama redio ndogo yenye waya. Unauchomeka chini ya usukani na gari linakupa namba za malalamiko yake. Nasema malalamiko kwa makusudi. Namba inaweza kulalamikia kifaa cha kupimia moshi, kumbe kifaa ni kizima na bomba la ekzosi ndilo limetoboka. Bado lazima mtu aingie chini ya gari. Mkurugenzi alibandika bei ya kupima ukutani, na kila asubuhi kulikuwa na ugomvi mbele ya karatasi ile.

Mama Kulwa aliingia mwanzoni mwa msimu wa asali. Alikuwa mchuuzi wa asali kutoka Sikonge, na pikapu yake ilikuwa imevutwa kwa kamba.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu. "Huyu mgonjwa anakunywa maji kuliko ng'ombe."

Mafundi wawili walishamwangalizia bure. Wa kwanza alibadilisha rejeta, wa pili akabadilisha pampu ya maji na thamostati, ile valvu inayofungulia maji injini ikipata moto. Gari liliendelea kuchemka. Kwenye mkoba alikuwa na fedha ya kuwalipa warina asali wa vijijini, na hao hawakopeshi. Akichelewa, wanauzia mwingine. Ilibidi achague: fedha iingie kwenye gari au kwenye asali.

Kompyuta ilisema injini ina joto. Hilo hata Mama Kulwa alilijua. Nikafungua kichwa cha injini, kazi ya kutwa nzima. Gasketi iliyo kati ya kichwa na bloku haikuwa na kosa. Ufa ulikuwa kwenye bloku lenyewe, kutoka silinda ya pili kwenda kwenye njia ya maji. Nikaingia chini. Chesisi ilikuwa imeliwa na kutu karibu na springi za nyuma na ilishachomelewa zaidi ya mara moja. Maana yake ilikuwa wazi: ukinunua injini ya mtumba, unaifunga kwenye mwili usioweza kuibeba.

Mkurugenzi alinivuta pembeni.

"Injini ninayo, mzee wangu. Iko stoo. Mwambie bloku limekufa, basi. Habari za chesisi nani amekuuliza?"

"Ameuliza gari lake lina nini."

"Gereji haili ushauri."

"Bei ya kupima si umeibandika mwenyewe?"

"Haya. Kadai hiyo bei. Asipolipa, inatoka kwenye posho yako."

Nilimweleza Mama Kulwa yote, nikimwonyesha ufa na kutu, na mwisho nikasema, "Usilitengeneze. Uza vipuri." Kisha nikamtajia bei ya kupima.

"Nilipe nini?" Alisimama. Mafundi wengine wakaacha kazi ili wasikie vizuri. "Gari imeingia mbovu, inatoka mbovu, tena vipandevipande! Wenzako walinitapeli, lakini angalau waliniachia rejeta."

"Unalipia kuijua."

"Kwamba ni mbovu? Mimi nilikuwa najua tangu Sikonge! Ningekuja nikulipe wewe?"

"Mama, mpe tu, ameoga oili," mmoja akachokoza, watu wakacheka.

Hakucheka. Alikaa juu ya tairi, mkoba mapajani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, ingekuwa yako?"

"Ningenunua asali."

Alilipa kama mtu anayetoa faini, bila kunitazama. Pikapu akawauzia wanunuzi wa skrepa, rejeta mpya na pampu akaviuza peke yake. Msimu ule alisafirisha ndoo zake kwa kulipia nafasi kwenye malori ya watu, na nilisikia kwamba aliwahi warina asali kabla ya wanunuzi wengine. Mkurugenzi hakunifukuza. Lakini injini yake ilibaki stoo muda mrefu, na kila alipopita karibu nayo alinisemesha kuhusu hali ya hewa, asiitaje.

Nimeacha kazi kwa sababu ya mgongo. Vijana wa sasa wanasoma namba za gari kwenye simu zao, na wananiuliza ni haki kutoza fedha kwa jambo la dakika chache. Ninawaambia watoze, na waitaje bei kabla ya kugusa boneti. Gari linaloangaliwa bure, mwenyewe hulipia baadaye kwenye vipuri ambavyo halikuvihitaji. Wanaitikia kwa adabu. Sijui wangapi wanafanya hivyo, kwa sababu mteja akisikia bure kwa jirani, anakwenda kwa jirani.

Mwaka huu Mama Kulwa alikuja nyumbani kwangu na pikapu ambayo alikuwa bado hajainunua. Muuzaji alikuwa kwenye usukani, amenuna. Kabla ya salamu kwisha Mama Kulwa alinitia fedha mkononi.

"Pima. Nataka kujua kabla, sitaki kujua baadaye."

Niliipima asubuhi nzima, mgongo ukilalamika. Nilisikiliza injini, nikatazama moshi, nikagonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma. Muuzaji alinifuata kila nilipokwenda.

"Nzuri," nikasema. "Nunua."

Mama Kulwa alisubiri niendelee.

"Nzuri tu?"

"Nzuri tu."

"Ile mbovu ulinieleza mpaka jua likazama," alisema Mama Kulwa. "Kwa hela ileile, hii unanipa neno moja? Rudi chini uangalie tena."

Nikachukua gunia la kulalia, nikarudi chini.