Mugomba Mbele ya Baraza

Hapana, si muzungu aliyezaliwa mule. Ni mudogo wangu. Najua mulikuwa mutauliza, juu bote banaokuja na kamera na metre ku ile nyumba banaanziaka pale pale, na sauti ya mu pua: "Koko, bibi yetu, huyu muzungu alikuwa nani? Alitokea wapi?" Juzi alikuja moja wa ofisi, viatu binamulika, akagusa ukuta na kidole kimoja, pole pole, kama anagusa mutoto mugonjwa. Akasema: "Koko, hii iko patrimwani. Iko mali ya bazee wetu." Nikamwambia, bazee wetu balibeba mawe tu, kutoka mu muto Mulongwe, na mama ya baba yangu alibeba muchanga na mutoto mugongoni. Akacheka. Alizani namuchekesha.

Nyumba munaiona. Baraza ndefu inaangalia ziwa, madirisha ya mbao yenye kufunguka inje, na ngazi ya mawe, ile ya chini maji imeshaikula. Baba yangu alikuwa boyi mule. Siku ya endepanda, ya uhuru, bantu bote bako mu barabara banaimba, banaruka, na muzungu anaingiza masanduku yake mu bwato ya moteri. Akamwita baba: "Weye! Chunga nyumba. Muntu asiingie. Mimi narudi." Akamupa ufunguo. Alisema "narudi" kama muntu anaenda kununua tumbaku.

Baba akaamini. Asubuhi anafungula madirisha yote, anasugua chini na nta mpaka unaona meno yako, anaweka kiti ya Bwana ku baraza, anafunga tena jioni. Hata hakuikalia. Moteri ikilia tu ku ziwa, anakimbia kunawa mikono na kuvaa koti yake nyeupe, anasimama ku ngazi. Kumbe ni bavuvi ba ndagala. Anavua koti. Moteri ingine inalia, anavaa tena. Na shiye tulikuwa tunalala mu kanyumba ka nyuma, mvua inatupigia mu kitanda.

Mwaka wa ine ya kungoja, mama alikuwa na tumbo kubwa. Anamwambia: "Baba wa batoto, nyumba isiyolala muntu inakufa."

"Nyamaza. Bwana atasikia."

"Atasikia kutoka Ulaya? Ana masikio ya tembo?"

Kisha baasi bakafika na ile barabara ya Fizi, majani ku kichwa, banalia "Mai! Mai!", njo maji ya dawa yao ya kuzuia risasi Nyumba nzuri za ku ziwa balikamata zote, moja moja. Milango banapasua kuni, banapikia bugali katikati ya salon. Mukubwa wao akasimama mbele ya yetu, mikono ku kiuno, na sauti ya mutungi: "Hii ndiyo yangu. Ufunguo!"

Baba anakamata ufunguo na mikono mbili. "Bandugu, iko ya Bwana, anarudi..."

"Bwana gani? Bwana alikufa na endepanda!" Na moja akanyanyua bunduki, kitako kiko juu ya kichwa ya baba.

Mama akapita kati yao. Hakukimbia. Akatoa ufunguo mu mikono ya baba, akafungula, akapanda ku kitanda ya muzungu na miguu yake ya matope, akaanza: "Aaaii! Mutoto anakuja! Aaaii!"

Sasa, kila muntu alijua dawa yao ilikuwa na miiko. Mupiganaji asiguse mwanamuke. Asikaribie damu ya kuzaa, hata kivuli chake. Akikosa, maji iliyomwangiwa inakauka ku mwili, risasi inaingia. Ule mukubwa alirudi kinyumanyuma: "Tokeni! Dawa itakufa!" Bote bakaruka uzio, majani inaanguka nyuma yao.

Shida iko moja: mutoto hakuwa anakuja. Hata bado.

Mama alilia mpaka sauti ikakatika. Banakuja ku uzio, banauliza na adabu, kama bakwe: "Mama, bado?" Na yeye, muhogo iko mu kinywa: "Bado! Aaaii!" Kisha ananiuliza pole pole: "Chungulia, baliondoka?" Sauti yake ilipoisha, nikasimama nyuma ya dirisha nikalia minye, sauti yake kabisa, na kule kukwama kwake mu shingo. Hakuna aliyejua. Njo pale nilijifunzia kubeba sauti za bantu. Siku buchungu ya kweli ilikuja, mama hakulia. Alikamata tu shuka na meno.

Nyumba yenye muntu amezalia, nayo ilikuwa mwiko kwao. Bakatuacha. Kitovu kilipoanguka, mama akachimba mbele ya baraza, mu maua ya muzungu, akakizika, akapanda mugomba juu. "Sasa huyu hapa njo kwao," akasema. Kwetu muntu akiulizwa kwenu ni wapi, anaonesha pale kitovu chake kimelala. Tukaingia mule na mikeka yetu. Mama akaanika ndagala ku baraza na nepi za mutoto ku madirisha ya Bwana, inapepea kama bendera. Baba? Baba alibakia kulala kule nyuma. Akitaka kuona bibi yake anapitia mulango ya jikoni, bila viatu, anagonga: "Ko-ko-ko. Mama wa batoto, naweza ingia?"

Mama alimwomba kitu moja tu. "Siku Bwana wako akirudi, umwambie: mutoto wangu amezaliwa hapa, kitovu chake ni hiki. Nyumba achukue. Atuachie ile pembe ya mugomba."

"Nitasema."

"Utasema?"

"Nitasema, niache!"

Baserikali balirudi, baasi bakapanda mulima, na moteri moja ikalia ku ziwa ambayo haikuwa ya ndagala. Baba akavaa koti. Muzungu akapanda ngazi, akaangalia nyumba za bajirani, nyeusi, bila paa, akaangalia yake imesimama. Machozi ikamutoka. Akagusa ukuta na kidole, kama ule wa ofisi. "Nani alilinda?" Baba akasema: "Ni mimi, Bwana." Mama alikuwa ku baraza na mutoto. Anangoja ile neno.

Jioni ile ile mama alifunga mizigo. Tukapita ile barabara mpaka Makobola kwa bakaka zake, mudogo wangu mugongoni mwake, minye nyuma na sufuria ku kichwa. Hakulala tena chini ya paa moja na baba, mpaka kifo. Baba alizeekea mu kanyumba ka nyuma, na koti yake. Ule wa ofisi anataka kupigilia kibao ku ukuta, kiseme nyumba ilibakia sababu ya mawe mazuri na fundi mukubwa. Nikamwonesha fasi ya kukisimamisha: chini, mu maua.

Juu ni pale, siku ile ya kurudi, muzungu aligeuza macho, akaona mugomba. "Na hii, ni nini?"

Mama akamwangalia baba. Baba akaangalia miguu yake.

"Ni uchafu tu, Bwana. Nitafagia."