Arvilla, Eladio na Fainali ya Kambare

Kati ya nyumba yangu na ya Arvilla Tjaden kuna ua wa mbao ambao marehemu mume wangu aliujenga ukatoka mfupi na umepinda. Kwa miaka mingi nimeona kila kinachoanikwa kwenye kamba ya Arvilla, na nusu ya yanayosemwa jikoni kwake nimeyasikia. Watu wa mji wetu mdogo, Wapsie Falls, wananiita mmbeya. Mimi nasema nina macho, na ua ni mfupi.

Arvilla alipikia watoto wa shule miaka ishirini na minane. Mkono wake ulizoea masufuria ya watu mia tatu, kwa hiyo binti yake wa pekee alipoolewa akahamia Denver, alijikuta amebaki na mumewe Verlin na chakula kingi mno. Akavaa koti lake la kanisani, akaenda ofisini kwa Kambare, timu yetu ya besiboli, akasema ana vyumba viwili juu vinakaa bure na anataka wachezaji wa kulisha. Kodi hakutaka. Vijana wa daraja letu la chini la ligi hulipwa mshahara wa kununua soksi, basi kila kiangazi wanagawanywa majumbani kwetu kama wageni wa harusi. Kufikia mwaka 1991, ninaousimulia, Arvilla alikuwa amelisha vijana arobaini na mmoja.

Hata mmoja wao hakufika juu, yaani ligi kuu. Kambare ni mali ya timu kubwa ya mashariki, nayo hutuletea vijana tuwakuze. Sisi ni kitalu: mche ukinyooka tu, wanakuja kuung'oa. Mpigaji wetu bora anaweza kuondolewa Julai, raha imepamba moto, nasi tunampigia makofi huku tunalaani kimoyomoyo. Ila hao waliong'olewa hawajawahi kuwa wa Arvilla. Wa kwake waliishia kuwa mapolisi, wauza matrekta, na mmoja daktari wa meno. Alikuwa akiwapenda vilevile, na kadi za Krismasi walimletea, lakini nilijua linamkereketa.

Eladio Tavárez alifika Aprili, theluji bado iko kwenye mitaro. Alikuwa mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, ametoka Jamhuri ya Dominika, ana miaka ishirini na tisa na mke na mtoto aliowaacha kwao. Kwenye daraja letu ishirini na tisa ni uzee. Alikuwa amezunguka miji midogo kama wetu kwa miaka minane, na wachezaji wenzake walimwita Babu. Jioni ya kwanza Arvilla alimwekea mlo wa huku kwetu, viazi vya kuponda, juu yake tambi na nyama ya ng'ombe. Eladio akaitazama sahani kwa heshima zote.

"Mama, viazi chini, tambi juu. Nani mgonjwa humu ndani?"

"Kula, usiniletee maneno. Umekonda kama ufagio."

Alikula. Kufikia Mei alikuwa anaongeza sahani ya pili, naye amemfundisha Arvilla kupika wali na maharage. Verlin alisema kwao wali ni wa kuwarushia maharusi, sio wa kula, kisha akamaliza sahani na kukwangua sufuria.

Msimu wenyewe ulianza kwa aibu. Katika michezo kumi na mitatu ya kwanza tulipoteza kumi na mmoja. Mdakaji wetu alikuwa akidaka mipira kwa goti zaidi kuliko kwa glovu. Harv kinyozi aliweka tangazo dukani kwake kwamba kila Kambare wakishinda atanyoa mtu mmoja bure, akanyoa bure watu wawili tu kwa wiki tatu. Halafu Juni, sijui ni joto au ni wali, timu ikaamka. Eladio alikuwa akirusha mpira wa polepole unaodondoka mwishoni, vijana wa timu nyingine wakazungusha gongo hewani hadi wakaanguka. Alishinda michezo kumi na minne. Siku ya mwisho ya msimu tukaingia kwenye mchujo kwa upenyo wa sindano, tukawatoa wakubwa wa kaskazini, tukajikuta fainali.

Sasa mwelewe Verlin. Kambare walikuwa wamechukua kombe mara moja tu maishani mwao, mwaka 1953, na Verlin, ambaye, ukiondoa miaka ya vita, hajakosa mchezo tangu akiwa na kaptula, siku hiyo alikuwa melini akirudi kutoka vitani Korea. Barua ya mama yake ikamweleza. Miaka thelathini na minane aliingoja fainali nyingine, akafanya kazi ghala la mahindi hadi mgongo ukamkatalia, na fainali hiyo hapo. Michezo mitano, tulishinda miwili, wenzetu miwili. Wa tano nyumbani, Ijumaa jioni, mrushaji Eladio.

Huku kwetu siku ya mrushaji ina masharti. Haamshwi, hasemeshwi mpaka aseme yeye, na majirani hawakati majani mpaka watakapoona pazia lake limefunguliwa. Ijumaa ile majani yangu yalikuwa magotini na mashine imejaa mafuta, nimekaa kibarazani nangoja pazia.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi simu ikalia kwa Arvilla. Ilikuwa Roscoe Birdsall, kocha.

"Arvilla, mwamshe Eladio. Wanamtaka juu."

"Juu daraja gani?"

"Juu kabisa. Mrushaji wao kateguka bega jana. Ndege ni saa saba na dakika arobaini. Asipokuwemo, kwenye orodha wana jina jingine chini ya lake."

"Roscoe, leo fainali."

"Najua leo ni siku gani. Mwamshe."

Uwanja wa ndege uko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, likienda vizuri. Arvilla akakata simu, akamgeukia Verlin aliyekuwa mezani na kikombe cha kahawa.

"Siku yake haamshwi," Verlin akasema, kabla hajaulizwa.

"Kocha kasema aamshwe."

"Kocha ana haraka zake. Kijana ataamka saa tano, tutamwambia."

"Saa tano ataikuta ndege kwa mbawa zipi?"

Verlin akatazama kahawa yake. Akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari, mtu wa miaka sitini na moja, na mke akiona hivyo anaumia. Arvilla akapanda ngazi. Akafika mlangoni kwa Eladio, mkono umeinuka kugonga, akashuka. Baada ya robo saa akapanda tena, akashuka. Mara ya tatu hivyohivyo. Baadaye aliniambia, "Usimlaumu Verlin, jirani. Miguu ilikuwa yangu." Alitaka kumpa mumewe kitu kimoja alichokikosa ujanani, nacho kilikuwa kimelala pale juu, kinakoroma, kama alivyodhani.

Mimi nilimwona tu akitoka nje na kuanika shuka moja. Akalianua, akalianika tena. Akalianua.

"Arvilla, shuka hilo limekukosea nini?"

Akaja kwenye ua, akanieleza yote, kwa sauti ya chini. Ilikuwa saa nne na dakika tano. Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia hivi: "Mwache alale. Kombe kwanza. Huyo ana miaka ishirini na tisa, huko juu watamkalisha benchi tu."

Nadhani Arvilla alikuwa ameyasema maneno yaleyale kichwani mwake tangu asubuhi na yakasikika matamu, ila yalipotoka kinywani mwangu aliyasikia yalivyo. Aliniachia shuka mkononi, akaingia ndani, akapanda ngazi mbilimbili na magoti yake yale.

Alipofungua mlango, Eladio alikuwa amekaa kitandani, amevaa, viatu miguuni, begi limefungwa kando yake.

"Sema tu, Mama," akasema. "Simu niliisikia. Nimekusikia ukipanda mara tatu na kushuka. Wamenifukuza, eh?"

Arvilla akaangua kilio. Eladio alipoona hivyo akajua ndiyo, akainuka kumkumbatia.

"Usilie, Mama. Timu tano zimeshanifukuza, nimezoea. Ningependa tu kurusha leo, kwa ajili ya mzee."

"Hawajakufukuza, mjinga wewe!" Arvilla akampiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Wamekuita juu! Juu kabisa! Nami nimekukalisha hapa saa mbili nzima!"

Anasema Eladio alikaa chini polepole akaanza kuvua viatu, akavivaa tena, hajui anafanya nini. Kisha akauliza, "Na fainali?"

Aliyejibu alikuwa Verlin, chini ya ngazi, kofia kichwani, funguo mkononi. "Fainali haina ndege. Teremka! Anayetaka kulia atalilia garini."

Mimi niliwaona wanaume wawili wakiondoka, Arvilla kabaki mlangoni, pikapu ya Verlin inatimua vumbi, Eladio anapunga mkono dirishani kama bwana harusi. Nilisimama pale na shuka la watu, nimejaa aibu na furaha. Sikukata majani siku ile.

Jioni uwanja ulifurika. Badala ya Eladio, Roscoe alimpa mpira kijana wa miaka ishirini aitwaye Corbin, na raundi ya pili wageni walimchapa pointi sita, masikini, masikio yakamwiva. Minong'ono ikaanza jukwaani. Harv kinyozi akasimama.

"Nani kamruhusu Eladio aondoke siku ya fainali? Nataka kumjua!"

Verlin, ambaye pikapu ilimzimikia njiani akirudi, alikuwa ndiyo kwanza anaingia, mgongo umekakamaa kwa saa tano za barabarani. Akasimama kwenye ngazi ya jukwaa.

"Mimi. Nimempeleka kwa gari langu. Una neno, Harv?"

Harv akasogea, akampisha Verlin mahali pa kukaa karibu na Arvilla, ambaye alikuwa na redio ndogo mapajani, ameitegea sikio tangu mchezo uanze, maana timu kubwa nayo ilikuwa ikicheza kule mashariki. Eladio kule alifika, hilo tulilijua. Alipiga simu ofisini kwetu kutoka uwanjani kwao. Kama angechezeshwa hakuna aliyejua.

Mwamuzi wetu jioni ile alikuwa kijana mwenye shingo ndefu tuliyemtukana msimu mzima. Mimi binafsi nilimshauri atafute mbwa wa kumwongoza kama kipofu, na mtu wa nyuma yangu akasema mbwa mwenyewe angekataa. Nao waamuzi, kama wachezaji, husota miji midogo wakingoja kuitwa juu. Tofauti ni kwamba wao hakuna anayewapikia. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Raundi ya saba, tunafungwa saba kwa moja, Arvilla akapiga yowe. "Anaingia! Eladio anaingia!"

Mtangazaji wa uwanja alikuwa na redio yake kule kibandani. Akaisogeza kwenye kipaza sauti, na mara uwanja mzima ukasikia jina la Tavárez likitamkwa vibaya na mtu asiyemjua. Watu wakageukia spika. Mwamuzi akainua mikono kusimamisha mchezo. Akatoa kibrashi chake, akainama, akaanza kufuta vumbi kwenye kibao cheupe cha mpigaji kilicho ardhini. Akafuta. Akafuta pembe zote. Kibao kikawa safi kuliko sahani za Arvilla, na bado anafuta. Mdakaji akaelewa, akafungua kamba za kiatu na kuanza kuzifunga upya, tundu moja baada ya jingine. Mrushaji wa wageni akasogea karibu na spika, kofia mkononi.

Mpigaji wa kwanza kule alimpiga Eladio mpira mrefu, tukaguna uwanja mzima. Wa pili akagonga ule mpira unaodondoka, ukatambaa chini, wakatolewa wawili kwa pamoja, yeye na yule wa kwanza. Wa tatu akazungusha gongo mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu akakosa pia, naye akatolewa.

Sijawahi kusikia kelele kama zile Wapsie Falls, na tulikuwa tunafungwa. Wageni nao walipiga makofi. Corbin alikuwa akirukaruka na kulia. Nilimwangalia mwamuzi: alikuwa bado amepiga goti, kibrashi mkononi, anatabasamu peke yake akitazama chini. Nikaona haya, nikapaza sauti, "Asante, mwanangu!" na yeye akagusa kofia bila kugeuka.

Fainali ile tuliipoteza, na Eladio alidumu kule juu siku kumi na tisa, kisha bega lake nalo likachoka na hakuitwa tena. Lakini siku kumi na tisa anazo, hakuna wa kumnyang'anya.

Jioni ile pale jukwaani Arvilla alikuwa amejiinamia, anajifuta kwa leso.

"Utanisamehe, Verlin?"

"Kwa lipi?"

"Kombe lako. Miaka thelathini na minane."

Verlin alikuwa akitazama uwanja, ambako mwamuzi alishasimama na kupaza sauti mchezo uendelee. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyajali.

"Kombe lingekaa kwenye kabati la klabu, Arvilla," akasema. "Huyu amekula mezani kwangu."